Mistari ya Kisanduku cha Nesitu

Majina yote ninayo. Ya watu niliovuka nao kwenda Uganda, ya watoto wao, ya mbuzi wa mama aliyetukodisha chumba, hata ya mwalimu aliyenifundisha yale madarasa matatu niliyosoma. Humu sitaandika hata moja. Walio hai sikuwaomba ruhusa, na waliokufa siwezi kuwauliza. Nitasema tu mjukuu wangu, jirani, mwalimu mkuu, na wewe utafuata.

Mjukuu wangu ni binti wa mwanangu wa pili. Amerithi jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi namwita mama, naye ananiita haboba, kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao. Alisomea mambo ya kompyuta Kampala, akarudi, na sasa tunakaa pamoja Nyakuron, vyumba viwili na rakuba mbele. Rakuba ni kivuli cha nguzo na mikeka, na sisi mchana kutwa tuko chini yake. Meza yake iko upande mmoja, jiko langu upande wa pili. Katikati kuna hatua nne. Nazijua kwa sababu ndizo anazotembea akitaka chai.

Kazi yake ni visanduku vya shule. Kisanduku kimoja ni kama kipande cha sabuni ya kufulia, kina taa mbili na matundu ya waya. Ndani wameweka vitabu, masomo na maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Shule inakiunganisha na betri ya sola, watoto wanafungua simu kuukuu, wanasoma bila mtandao wowote. Mwanzoni sikuamini. Nikamwambia kitabu nakijua, kina uzito. Akanicheka.

Kilichonishangaza ni kwamba muda mwingi aliupoteza kabla mashine haijaanza hata kidogo. Anawasha, anangoja, anazima, anawasha. Nikamuuliza anangoja nini. Akaniambia mashine ikipata umeme haijui kitu, haijui hata kuwa ni mashine. Kuna programu ndogo inaamka ya kwanza, na kazi yake ni moja tu, kuiamsha ile kubwa.

"Kama mimi," nikasema.

Maana hapa nyumbani mimi ndiye ninayeamka kwanza. Lakini kuamka tu hakutoshi. Lazima nijue kiberiti kiko wapi, maji yako mtungi gani, nani amelala chumba kipi. Akasema ndivyo hivyo hasa. Ile programu ndogo ina orodha yake. Kila mstari una jina, kisha alama ya sawa na, kisha jibu. Ungoje sekunde ngapi kabla ya kuamsha. Programu kubwa imelala wapi. Maneno yako uyatoe kwa mlango upi. Haya anayaita vigeu, kwa sababu jina linakaa palepale lakini jibu unaweza kuligeuza.

Nilielewa upesi kuliko alivyotegemea, na sababu nitaieleza.

Katika kundi la akina mama wa kanisa letu, mimi ndiye ninayeita majina. Tangu tuliporudi kutoka Uganda ndiyo kazi yangu. Kila Jumapili baada ya ibada nasimama mbele, mikono mitupu, naita. Siiti jina peke yake. Naita jina, halafu mahali: fulani, Jebel. Fulani, Nyakuron, nyuma ya duka la mbao. Naye anajibu nipo. Kama hayupo, mwenzake anajibu kwa niaba yake, anauguza, au amesafiri. Mtu akihama, nabadilisha mahali papo hapo kichwani na Jumapili ijayo naita pale papya. Kwa hiyo jina na jibu lake si jambo geni kwangu. Ni kazi yangu ya miaka yote hii, sema tu mimi sina waya.

Lakini mwezi ule nilikuwa nimejikwaa. Niliita jina la rafiki yangu mmoja, nikamalizia na mahali pake, Nesitu, kama kawaida. Kanisa likanyamaza. Rafiki huyo tulikuwa tumemzika kabla ya mvua. Nililia kaburini kwake, nilipika kwenye matanga yake, na bado mdomo ulimwita. Binti yake alikuwa mstari wa pili. Aliangalia chini. Baadaye akina mama wawili walinijia kwa upole wakasema labda tuandike orodha kwenye karatasi. Niliwajibu vibaya. Niliwaambia wakitaka karatasi wamtafute karani. Nikarudi nyumbani na hasira ambayo ilikuwa aibu iliyovaa nguo nyingine.

Basi, tukirudi kwenye visanduku. Vilikuwa vinne. Vitatu vya aina moja, vya shule tatu za hapa mjini, na hivyo havikumsumbua. Cha nne kilikuwa cha shule moja Nesitu, kule barabara ya Nimule, na bodi yake, ule ubao wa umeme wa ndani, aliipata Jebel kwa muuza vipuri, ya aina nyingine kabisa. Majibu ya vile vitatu yalikataa kwa hiki. Alihangaika nacho wiki mbili, na wiki mbili zile nami nilikuwa upande wangu wa rakuba, nikichambua kudra, mboga yetu ya majani, nikipepeta unga, nikimsikia.

Maana yeye anafanya kazi kwa sauti. Kila mstari anaousukuma ndani ya mashine anausoma, polepole, kama mtu anayesoma barua kwa asiyeona. Butidilei, sawa na, kumi. Konsoli, sawa na, ti-ti-wai-esi sifuri. Nami bila kufikiri nilikuwa naitikia, mm, kama vile mstari umesema nipo. Ilikuwa mchezo wetu. Jirani yetu, mama Mganda mwenye duka la kuchaji simu, alipita siku moja akasimama kutusikiliza.

"Nyinyi iko naomba ama iko nafanya kazi?" akauliza.

Mwishowe kisanduku cha Nesitu kiliamka. Akakipeleka, shule ikafurahi, nasi tukasahau.

Halafu mwalimu mkuu akalalamika kwamba kinakawia kuwaka. Kilikuwa kinangoja zile sekunde kumi. Alhamisi moja mjukuu wangu akaenda kupunguza kumi iwe tatu, kazi ndogo sana. Akaunganisha waya, akaandika, akaamuru kihifadhi. Gari la kurudi Juba lilikuwa limeanza kupiga honi barabarani. Akachomoa umeme.

Kisanduku kilikuwa bado kinaandika.

Alirudi jua halijazama, kisanduku kikiwa ndani ya mkoba, akakaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu. Alinieleza kwa maneno machache. Ile programu ndogo kila ikiamka huihakiki orodha yake kwa hesabu fulani. Hesabu ikigoma, inajua orodha imeharibika, inaitupa yote, inachukua orodha ya kiwandani. Na orodha ya kiwandani inasema programu kubwa imelala mahali ambapo hailali. Kwa hiyo kisanduku kinaamka, kinagonga mlango usio na mtu, kinangoja, kinagonga tena. Taa nyekundu tu. Ya kijani haiji.

Na darasa la nane lilikuwa limebakiza wiki moja kabla ya mtihani. Maswali ya miaka iliyopita yalikuwa ndani ya kisanduku hicho tu, shule haikuwa nayo kwenye karatasi. Visanduku vingine vitatu vilikuwa na watahiniwa wao, huwezi kuchukua cha mmoja ukampa mwingine. Mwalimu mkuu hakumkaripia. Alisema atawaambia watoto wangoje mpaka Jumatatu asubuhi. Mjukuu wangu akasema angeona afadhali kama angemkaripia.

Nikamuuliza yale majibu ameyaandika wapi.

"Humohumo, haboba."

"Humohumo wapi?"

"Ndani ya mashine. Nilikuwa nayaandika moja kwa moja. Sikuweka nakala."

Nilitaka kumwambia neno, nikakumbuka akina mama wawili na karatasi yao, nikaenda kuchochea moto.

Ijumaa asubuhi alianza upya, akijaribu hiki na kile, sasa kimya, bila kusoma kwa sauti. Ukimya wenyewe ulinisumbua. Nilikuwa nachambua kudra. Nikasema, si kwake hasa, nikasema tu, "Butidilei, sawa na, kumi."

Akainua kichwa.

Nikaendelea na wa pili. Na wa tatu. Maana yake sijui, kama nisivyojua maana ya majina mengi ya watu ninayoyaita kila Jumapili, watu wa makabila mengine, na bado nayaita sawasawa. Alivuta kompyuta yake karibu, akafungua ukurasa mtupu, akaniambia nianze tena pale pa kwanza, polepole. Nami nikanyoosha mgongo. Ukweli usemwe, nilijisikia mkubwa. Nilifikiri, waje sasa wale wa karatasi.

Nilitaja mstari baada ya mstari, naye aliandika, kila jina kwenye mstari wake. Jirani akaja na sufuria kuomba makaa ya moto, akakuta hali hiyo. Mjukuu wangu akamweleza haraka. Jirani akaweka sufuria chini.

"Mimi iko na mashine ya kopi kule duka," akasema, "lakini hii yako inakula kudra tu na inatoa kopi bila wino."

Tulicheka, na kicheko hicho kilikuwa bado mdomoni nilipofika kwenye mstari unaosema programu kubwa imelala wapi. Nikataja jibu lake. Halafu nikataja jingine. Halafu la tatu. Yalikuwa matano, yote kwa jina moja, na yote niliyasikia kwa masikio yangu, maana wiki zile mbili alijaribu matano.

Mjukuu wangu akaacha kuandika.

"Lipi la mwisho, haboba?"

Nilitafuta. Unajua, kichwani mwangu hakuna wa mwisho. Wote wamekaa kwenye mkeka mmoja, aliyefika jana na aliyefika zamani, aliyeondoka na aliyebaki, wote wananitazama wakingoja niwaite. Ndivyo nilivyomwita rafiki yangu wa Nesitu. Sikusahau kuwa amekufa. Nilishindwa tu kumwondoa mkekani. Nikaona pale, mkono wangu ukiwa na majani ya kudra, kwamba kukumbuka kila jina ni kazi moja, na kujua lipi la kuita leo ni kazi nyingine, na hii ya pili mimi siiwezi kama nilivyodhani.

Nikamwambia sijui.

Nilidhani atakata tamaa. Yeye akasema hapana, kwanza tuyaandike yote matano. Akayaandika, moja chini ya jingine, na mbele ya kila moja akaweka alama kama reli, vijiti viwili vimesimama na viwili vimelala. Nikamuuliza ni nini hiyo.

"Nikiiweka mbele ya mstari, mashine inaupita," akasema. "Haiusomi. Lakini mimi nausoma, na wewe unausoma."

"Kwa hiyo hujaufuta."

"Sijaufuta. Uko, ila hauitwi."

Niliomba aniambie tena, akaniambia tena.

Halafu akaniuliza swali la maana. Hakuuliza lipi la mwisho. Aliuliza nilikuwa nafanya nini niliposikia kila moja. Hapo nikaweza, nikamwambia. La kwanza nilikuwa napepeta unga. La pili mvua ilikuja, tukakimbia kuanua nguo. La tatu mbuzi wa watu aliingia akala majani yangu. La nne ulikuwa umekasirika, ukasema chai ina moshi, na haikuwa na moshi. La tano ulisema, ukanyamaza muda mrefu, kisha ukacheka peke yako ukatembea zile hatua nne ukanishika mabega.

"Nilicheka?"

"Ulicheka kama mama yangu."

Akaitoa alama ya reli mbele ya mstari wa tano. Ile minne mingine akaiacha na reli zake.

Haikuishia hapo, nisije nikakudanganya. Kulikuwa na jina moja ambalo jibu lake sikuwahi kulisikia. Ni jina la faili linaloieleza mashine viungo vyake, macho yako hapa, masikio yako pale. Siku aliyoliandika alikuwa na simu sikioni, anazungumza chini chini na mtu ambaye jina lake pia ninalo. Nilimwambia hivyo, akaona haya, akasema siku ile hakusoma kwa sauti. Basi hilo alilitafuta mwenyewe Jumamosi nzima.

Lakini sasa kazi yake ilikuwa imebadilika, hata mimi niliona. Kabla hajajaribu jibu, aliliandika kwanza kwenye ule ukurasa, faili la maandishi matupu, lisilo na rangi wala urembo, ambalo kompyuta yoyote inalifungua na mtu yeyote mwenye macho analisoma. Kisha ana kidude kingine kinachoufunga ukurasa huo uwe kitu kinacholiwa na mashine, kinauwekea na ile hesabu ya kuhakiki mbele yake. Ndipo anakipakia. Kikikataa, anarudi kwenye ukurasa, anaweka reli mbele ya jibu lile, pembeni anaandika maneno mawili kwa nini limekataa, anaongeza jingine chini. Wiki zile mbili za kwanza alikuwa anazungumza na mashine. Sasa alizungumza na ukurasa, na ukurasa ukazungumza na mashine.

Jumamosi saa kumi alasiri taa ya kijani ikaja. Safari hii hakucheka. Alitembea hatua nne, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, akasema, "Chai, haboba. Hata yenye moshi."

Jumatatu tulikwenda wote wawili Nesitu. Mimi nilisema naenda kumsalimia binti wa rafiki yangu, maana tangu aliporithi nyumba ya mama yake sikuwa nimekanyaga pale. Lakini nilitaka pia kuona. Magari makubwa yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, madereva wakinywa chai, na shule iko nyuma yao, madarasa ya mabati. Darasa la nane walikuwa wamekaa tayari, wawili wawili kwa simu moja, kimya ambacho watoto hawanacho kwa kawaida.

Mjukuu wangu aliunganisha waya. Taa nyekundu. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Kidogo tena. Kijani. Simu zikaanza kuwaka mikononi mwao, na mtoto mmoja wa kike akamwambia mwenzake sogea, unaniziba. Kimya kikaisha.

Mwalimu mkuu alishukuru, kisha akaona karatasi iliyokunjwa chini ya kifuniko cha kisanduku. Mjukuu wangu alikuwa ameichapisha kwenye duka la jirani, nakala moja ya hapo, moja ya nyumbani, na faili lenyewe kwenye kompyuta. Mwalimu akaikunjua akasoma, akafika kwenye mistari yenye reli. Akauliza kama hiyo ni makosa, kwa nini yamechapishwa.

"Atakayekuja kukitengeneza baada yangu asirudie njia hizo," mjukuu wangu akasema. "Na ajue kwamba zilikuwepo."

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikainuka nikaenda kwa binti wa rafiki yangu. Hatukuzungumza habari za kanisani. Alinipa maji, nikanywa, akanionyesha mahindi aliyopanda mahali mama yake alipokuwa anapanda karanga.

Jioni ile ile, kabla hatujawasha taa, nilimwambia mjukuu wangu afungue ukurasa mwingine mtupu. Hakuuliza wa nini. Nikamwitia majina ya akina mama, kila jina na mahali pake, naye akaandika, jina, sawa na, mahali, kwa mazoea yake. Sikumrekebisha. Kwa wengine nilisita, nikamwambia huyu amehamia Jebel, andika Jebel, na pale pa zamani weka reli. Aliandika haraka kuliko nilivyoweza kuita.

Nikafika kwa rafiki yangu. Nikataja jina lake lote, na la baba yake, nikasema Nesitu. Mjukuu wangu alimjua. Vidole vyake vikasimama.

"Niweke, haboba?"

"Weka," nikamwambia.

Akaweka alama ile mbele ya jina. Tukaendelea na wa chini yake.

Jumapili nilisimama mbele na karatasi. Wale akina mama wawili waliniona, wakanyamaza, na mimi nawashukuru kwa hilo. Nilisoma polepole, kwa macho ya madarasa matatu, na mara mbili nilipotea mstari nikaanza tena. Nilipofika kwenye mstari wa rafiki yangu nilimsoma kwa macho tu, jina na mahali, nikahesabu pumzi moja, nikapita. Wa chini yake alikuwa binti yake. Nikamwita, Nesitu.

"Nipo," akasema.